Mama Kalamu, Aliyeandika Majibu ya Wengine

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Hiyo ni sauti ya wembe ukichonga penseli. Ni alfajiri, nje bado giza. Taa ya jikoni inawaka, mlango umerudishwa kidogo ili mwanga usimwamshe mtoto. Lakini mtoto yuko macho. Amelala kifudifudi, sikio moja juu ya mto, anahesabu. Penseli moja. Penseli ya pili. Zikifika tatu anajua leo kuna mtihani chuoni, na mama atarudi vidole vimekakamaa, ataomba maji ya uvuguvugu ya kulowekea mkono.

Mtoto huyo sasa ni mama wa watoto wawili. Ndiye aliyetuletea habari hizi hapa studio, juzi, akiwa amekumbatia kopo la bati lenye penseli kumi na moja. Aliliweka mezani mbele yangu, akasema, "Bibi, wengine mama zao walikuwa wakiimba asubuhi. Wangu alikuwa akichonga."

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni tuketi pamoja. Mwenye kikombe chake na ashike kikombe. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye jina lake halikuwahi kubandikwa kwenye mlango wa ofisi yoyote. Kazi yake ilikuwa kuandika. Aliandika majibu ya mitihani ya wanafunzi wa chuo ambao hawakuweza kuandika wenyewe. Wengine kwa sababu ya macho. Wengine kwa sababu ya mikono. Wengine kwa sababu ambazo ukiwatazama huzioni. Alifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita. Miaka ishirini na sita, wapendwa, akiandika maneno ya watu wengine. Wanafunzi walimwita Mama Kalamu, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Alituaga wiki tatu zilizopita, nyumbani kwake, siku ya Jumatatu asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake.

Hakuanza kama mwandishi. Alianza kama mfuta vumbi. Alikuwa mhudumu wa maktaba katika chuo cha kilimo, kazi yake ilikuwa kupanga vitabu na kupangusa rafu. Siku moja ya mtihani, mkufunzi mmoja aliingia maktabani anahema. Yule aliyepangwa kumwandikia mwanafunzi asiyeona alikuwa ameamka na homa. Mtihani unaanza baada ya dakika ishirini.

"Nani hapa ana mwandiko unaosomeka?" akauliza.

Mama Kalamu akainua mkono. Mkono wenyewe ulikuwa umeshika kitambaa cha vumbi.

Mwanafunzi asiyeona alikuwa msichana mwenye sauti kubwa na maneno mengi. Wenzake walimwita Spika. Mama Kalamu alimkuta nje ya chumba cha mtihani, akamshika mkono, akaanza kumvuta kama unavyovuta mbuzi asiyetaka kuvuka barabara.

"Mama, ngoja kwanza," Spika akasema. "Unanipeleka mtihani au machinjioni? Nipe kiwiko. Mimi ndiye nitakayekushika wewe."

Akampa kiwiko. Wakaingia. Mama Kalamu akafungua karatasi ya mtihani, akasoma swali la kwanza.

"Mama."

"Abee."

"Unasoma kama unayekimbizwa na mbwa. Rudia. Na ukifika kwenye koma, pumzika. Hakuna mbwa."

Hayo yalikuwa mafunzo yake yote, wasikilizaji wapendwa. Hakupelekwa kozi wala semina. Alifundishwa na wanafunzi wenyewe, mmoja mmoja, mara nyingi kwa kukosolewa, na hakuona aibu kukosolewa na watoto.

Baada ya Spika wakaja wengine. Nitawataja wawili tu, maana nataka mwone alivyojifunza.

Alikuja kijana mrefu, mlinda mlango wa timu ya chuo. Wakamwita Golikipa. Huyu alipopewa mtu wa kumsomea na kumwandikia, watu walinung'unika. Msimamizi wa mtihani alimvuta Mama Kalamu pembeni, akamwambia, "Huyu naye ulemavu wake uko wapi? Macho mazima, miguu mizima, shingo kama ya fahali. Uvivu tu huo."

Na Mama Kalamu, nasema kwa sababu mwenyewe alikiri, naye aliwaza hivyo hivyo. Aliwaza kijana anajifanya. Mpaka mchana mmoja alipokuwa akipanga vitabu, akamwona Golikipa anajaribu kunakili sentensi moja kutoka kwenye kitabu. Sentensi moja tu. Akaiandika mara nne, na mara zote nne ikatoka vingine, herufi zimerukiana kama kuku waliofunguliwa banda. Shati lilikuwa limemlowa mgongoni. Hakukuwa na mtu wa kumwigizia. Alidhani yuko peke yake.

Kijana huyo huyo, ukimsomea swali, jibu lilimtoka kama maji ya bomba.

"Tangu siku ile," binti yake ananiambia, "mama aliacha kuuliza ulemavu uko wapi. Akawa anauliza kigumu ni kipi."

Halafu alikuwepo msichana mmoja wa mwaka wa pili. Huyu hakuomba msaada wowote kwa mtu yeyote. Alikuwa mchangamfu, mcheshi. Lakini Mama Kalamu, akiwa juu ya ngazi yake ya kupangusia rafu, aligundua jambo dogo. Wenzake wakicheka, yeye alicheka pia, ila alichelewa kidogo. Kila mara alichelewa. Alikuwa anatazama nyuso kwanza, ndipo acheke. Mama Kalamu akateremka ngazi. Hakumsema mbele ya watu. Tangu siku hiyo, kila alipotaka kumwambia kitu, alikwenda kusimama mbele yake, mahali penye mwanga, akasema polepole mdomo ukionekana. Siku ya tatu msichana akamuuliza, "Mama, nani kakwambia sisikii vizuri?" Naye akajibu, "Hakuna. Ulichelewa kucheka."

Sasa, wapendwa, ningeweza kuishia hapo, tukasema alikuwa mtu mwema, tukafunga. Lakini alikuwa mtu mwema aliyefanya kosa moja kubwa, na yeye mwenyewe alitaka kosa hilo lisimuliwe. Alisema wazi kwa binti yake: mkinikumbuka bila lile, mtakuwa mnamkumbuka mtu mwingine. Basi tusimulie.

Katika mwaka wake wa tisa wa kuandika, alikuja kijana aliyejiita mwenyewe Taratibu. Taratibu alizaliwa na mtindio wa ubongo. Mikono yake haikumtii. Akitaka kushika kikombe, mkono ulipitia njia ndefu kabla ya kufika. Miguu ilimbeba, lakini kwa mwendo wake. Na maneno yalimtoka moja moja, kila neno likisukumwa kama gari lililozima. Akili yake ilikuwa nzima, nzima kabisa, tena ya utani. Wenzake wakimharakisha alisema, "Mkinikimbiza, naanza upya." Na kweli alianza upya. Wakakoma.

Mtihani wa udongo na mimea ulikuwa wa saa tatu, naye aliongezewa saa moja na nusu. Chumba kilikuwa kidogo, meza moja, viti viwili, msimamizi mlangoni anasinzia. Walifika swali la saba. Swali la saba lilikuwa hili: taja sehemu ya mmea wa maharage inayonasa naitrojeni ya hewani, na ueleze inavyofanya kazi. Alama nne.

Sasa fikirini. Mama Kalamu alikuwa ameandika mtihani kama huo kwa miaka tisa. Alishaandika jibu la swali hilo kwa Spika, kwa Golikipa, kwa wengine. Alilijua kama anavyojua njia ya kwake. Ni vinundu vidogo kwenye mizizi, na wadudu wasioonekana wanaoishi humo.

Taratibu alikuwa amechoka. Jasho lilimtiririka shingoni. Alichukua muda mrefu, akasema, "Ma-ja-ni. Majani yanavuta hewa."

Penseli ikasimama.

Alimtazama kijana. Alitazama shingo inayotetemeka kwa uchovu. Alitazama saa ukutani. Akawaza, huyu mtoto anajua, ni kuchoka tu. Akawaza, mwili wake umeshamnyima mengi, na mimi nimnyime alama nne? Akaandika: vinundu vya kwenye mizizi. Akaeleza vizuri, mistari mitatu. Halafu akasema, kwa sauti ya upole, "Tuendelee, mwanangu. Swali la nane."

Matokeo yakatoka. Taratibu alipata alama hamsini na mbili. Kufaulu ni hamsini. Toa zile nne, ni arobaini na nane. Mnaona wenyewe.

Ingeishia pale. Lakini mkufunzi wa somo, kwa wema wake, alitaka kumpa kijana heshima mbele ya darasa. Akaichukua karatasi yake akasoma jibu la swali la saba kwa sauti. "Sikilizeni hili," akasema. "Hili ndilo jibu bora la darasa zima." Darasa likampigia makofi Taratibu.

Taratibu akakaa akisikiliza makofi ya jibu ambalo hakulisema.

Alasiri ile alikwenda maktabani. Mama Kalamu alikuwa anafunga madirisha. Akamwona anaingia, akafurahi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia umefaulu. Hongera."

"Nani kafaulu?"

Mama Kalamu akaacha dirisha.

"Nilisema majani," Taratibu akasema. "Wewe uliandika mizizi."

"Mwanangu, ulikuwa umechoka. Nilijua unalijua lile jibu."

"Sikulijua. Nililikumbuka baadaye. Nikiwa njiani kwenda bwenini. Nikajipiga kichwa. Nikasema, haya, nimekosa moja."

"Nilikuonea huruma."

Taratibu alitaka kujibu. Maneno yakagoma. Mdomo ukafunguka, ukafungwa, shingo ikapinda. Mama Kalamu alisema baadaye kwamba ulimi ulimuwasha. Alitaka kummalizia sentensi, kama watu wote wanavyofanya, ili tu ile hali ya kungoja iishe. Lakini safari hii alishika fremu ya dirisha akangoja. Alingoja muda mrefu. Na sentensi ikaja.

"Niliazima mkono wako, mama. Kichwa nilikuja nacho."

Wasikilizaji wapendwa, nairudia, maana mama huyu aliibeba mpaka siku aliyokufa. Niliazima mkono wako. Kichwa nilikuja nacho.

"Sasa unataka nifanye nini?" akauliza.

"Nataka jibu langu nirudishiwe."

"Lile la makosa?"

"La makosa. Ni langu."

Binti yake alikuwa na miaka kumi na minne wakati ule. Anakumbuka mama alirudi jioni ile, akakaa kwenye kiti cha jikoni bila kuvua viatu. Walikuwa wawili tu katika nyumba ile, mama na binti, na mshahara wa maktaba ndio uliokuwa unalipa ada ya binti na kuleta chakula mezani.

"Nimeiba," mama akasema.

"Umeiba nini, mama?"

"Kosa la mtu."

Binti hakuelewa. Akamvua mama viatu, akavipanga mlangoni. Hilo ndilo aliloweza.

Asubuhi yake wembe haukusikika jikoni. Mama Kalamu alikwenda mpaka bweni la wanaume, akamsubiri Taratibu kwenye ngazi, wakaongozana kwenda kwa mkuu wa chuo. Walikwenda kwa mwendo wa Taratibu. Wafanyakazi wengine waliwaona wakipita kwenye ujia mrefu, na mpishi mmoja wa chuo akasema, "Mwenzetu anajipeleka mwenyewe kwa simba, tena kwa miguu." Maana alijua anachokwenda kupoteza. Kubadili jibu la mtihani ni kufukuzwa. Na kijana naye alijua anachokwenda kupoteza. Alikuwa amefaulu, na sasa anakwenda kuomba afeli.

Mkuu wa chuo aliwasikiliza wote wawili. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mngenyamaza," akasema, "nani angejua?"

"Mimi," Taratibu akajibu.

Mkuu akangoja sentensi iendelee. Haikuendelea. Ilikuwa imekwisha.

Uamuzi ulitoka baada ya siku tano. Matokeo ya Taratibu ya somo lile yalifutwa, atarudia mtihani baada ya miezi mitatu. Mama Kalamu alipewa barua ya onyo kali, akakatazwa kuingia chumba cha mtihani. Hakufukuzwa kwa sababu alijileta mwenyewe. Akarudi kwenye kitambaa chake cha vumbi. Miezi mitatu alipangusa rafu, na wakati mwingine, anasema binti, alipangusa rafu moja mara mbili.

Miezi mitatu ikaisha. Chuo kikampangia Taratibu mwandishi mwingine, karani mmoja kijana, nadhifu, mwandiko wa kuvutia. Taratibu akakataa. Akaenda kwa mkuu wa chuo peke yake.

"Namtaka Mama Kalamu."

"Yule aliyekuharibia?"

"Yule yule. Hawa wengine bado hawajakosea. Yeye ameshakosea. Anajua shimo liko wapi."

Mkuu akacheka, halafu akaacha kucheka. Akasaini kibali.

Siku moja kabla ya mtihani, Mama Kalamu alikwenda bwenini na chupa ya chai na vikombe viwili. Kikombe kimoja kilikuwa cha plastiki chenye masikio mawili, kikubwa. Alikuwa amezunguka madukani kukitafuta. Hakusema neno juu yake, alikimiminia tu chai akakiweka mbele ya kijana. Wakanywa. Halafu akauliza, "Kesho nifanye nini?"

Taratibu akamwambia. Soma polepole. Rudia nikiomba. Kaa upande wa kulia.

Akauliza tena, "Na nisifanye nini?"

Kijana alicheka mpaka chai ikamwagika kifuani. Alisema katika maisha yake yote watu walimuuliza wamsaidie nini. Hata mmoja hajawahi kumuuliza nini akiache.

Akamwambia. Usinitazame usoni nikitafuta neno, tazama karatasi. Usitikise kichwa. Ukitikisa najua nimepata, ukiacha najua nimekosa. Na usinimalizie sentensi, hata kama unaijua, hata kama msimamizi anapiga miayo.

Kesho yake alfajiri, binti akasikia jikoni: kwaru, kwaru, kwaru. Akavuta shuka akalala tena, moyo umetulia.

Katika mtihani ule, Taratibu alikosea swali la tisa. Mama Kalamu alijua amekosea. Lilikuwa jambo dogo tu la kina cha shimo la kupandia. Mkono wake ukawa mzito kama umebeba ndoo ya maji. Akaandika alichoambiwa, herufi kwa herufi. Na alipomaliza kuandika, alisema, alijisikia kama mtu aliyerudisha kitu dukani.

Taratibu alipata alama hamsini na moja. Hamsini na moja, wapendwa, na zote zilikuwa zake.

Kuanzia hapo mpaka alipostaafu, miaka kumi na saba mingine, Mama Kalamu hakuingia chumba cha mtihani na mwanafunzi yeyote kabla hajanywa naye chai na kumuuliza maswali yale mawili. Nifanye nini? Nisifanye nini? Na majibu hayakufanana hata siku moja. Kulikuwa na msichana mwenye kifafa, yeye alisema, "Nikianguka, nilaze ubavu, ondoa meza, na usinitie kijiko mdomoni. Nikiamka usiniambie pole mara kumi, niambie tumefika swali la ngapi." Kulikuwa na kijana aliyekuwa akishikwa na hofu kubwa isiyo na sababu ya kuonekana, yeye alisema, "Usifunge mlango." Basi. Mlango wazi, na kijana akaandika mwenyewe mtihani wote, Mama Kalamu amekaa tu pembeni na penseli zake hazijaguswa.

Miaka miwili iliyopita, akiwa ameshastaafu, Mama Kalamu alipata kiharusi. Mkono wa kulia ukalala. Na maneno yakaharibika. Yalitoka polepole, na mengine yalitoka yamekosea njia. Alitaka kusema penseli, akasema kijiko. Alitaka dirisha, akasema sufuria. Akili ilikuwepo. Ukimtazama machoni uliona kwamba ipo.

Hapa binti yake alizungusha lile kopo la penseli mezani. Halafu akasema, "Bibi, mimi niliyelelewa na mama yule, nilikuwa wa kwanza kumkatiza. Akianza tu neno, mimi: maji? Uji? Unataka kugeuzwa? Majirani nao hivyo hivyo. Tulimmalizia kila kitu. Mpaka akaacha kusema."

Mama Kalamu akaacha kusema. Wiki sita.

Ndipo Taratibu akasikia. Taratibu sasa ni bwana shamba, anazunguka kwa wakulima kuwashauri juu ya mbegu na udongo, na wakulima wanajua kwamba ushauri wake unachukua muda na unafaa kungojwa. Siku moja ya Jumatano alifika pale nyumbani. Akaketi karibu na kitanda, upande wa kulia. Akasema, kwa mwendo wake, "Shikamoo, mama. Nifanye nini? Na nisifanye nini?"

Binti akafungua mdomo kujibu kwa niaba ya mama. Taratibu akainua kidole.

Wakangoja. Binti anasema ulipita muda wa kuchemsha maharage. Mama akahangaika, akatoa silabi, akapumzika, akatoa nyingine. Likatoka.

"Usi. Ni. Malizie."

Taratibu akafungua kompyuta yake ndogo. Huandika kwa kidole kimoja, kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, herufi moja moja. Akasema, "Haya, mama. Leo mkono ni wangu. Kichwa umekuja nacho."

Na mama akaanza kusema. Yeye alisema polepole, na kidole kile kikaandika polepole, na kwa mara ya kwanza tangu augue hakuna aliyemtangulia mwenziwe. Binti aliwatania kutoka jikoni, "Kobe wawili wanafukuzana huko, sijui nani atashinda." Jumatano kumi na saba walikaa hivyo. Kumi na saba. Kurasa zenyewe ninazo hapa mkononi, na mengi niliyowasimulia leo yametoka humo. Sikilizeni kipande hiki, nakisoma kama kilivyo:

"Nilidhani namsaidia. Kumbe nilikuwa namwambia hawezi. Kijiko kiliandika, na mimi nikaona kimeandika vizuri. Mtoto akaja akaniambia. Nashukuru aliniambia. Wengine wangekula wakanyamaza."

Kijiko kiliandika. Siku ile binti aliinama juu ya kompyuta akasema, "Kaka, hapo si kijiko, ni penseli."

"Najua, dada," Taratibu akajibu. "Lakini amesema kijiko."

Kitandani, mama akacheka. Alicheka mpaka machozi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kiharusi.

Siku ya mazishi, mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa na matope. Walikuja wengi. Spika alikuja, ameshika kiwiko cha Golikipa, na Golikipa akimwambia kila palipo na dimbwi. Yule msichana aliyekuwa akichelewa kucheka alikuja, sasa ana vifaa masikioni, na watu walimpisha asimame mbele aone midomo ya wasemaji. Spika alipopewa nafasi alisema maneno machache tu: "Mara ya kwanza alinisomea kama anayekimbizwa na mbwa. Halafu akajifunza kutembea na mtu. Ni wachache wanaojifunza."

Kwa binti yake, kwa wajukuu wale wawili, kwa wote walioandikiwa maneno yao kwa mkono wake, sisi wa hapa studio tunawapa pole kutoka moyoni. Mmefiwa na mtu aliyejua kungoja. Ngojaneni na ninyi katika majonzi haya. Asiharakishwe mtu kuacha kulia.

Na ninyi wasikilizaji wapendwa, kuna vijana vyuoni asubuhi hii. Mmoja anatembea kwa fimbo nyeupe, mkimwona mtajua. Mwingine amekaa kati yenu, mzima wa kutazama, na herufi zinamrukia, au sauti hazimfikii, au mlango uliofungwa unamkaba koo. Kabla ya kumwita mvivu, na kabla ya kumwonea huruma, kaeni naye mnywe kitu. Muulizeni maswali mawili. La pili msilisahau.

Namalizia na ukurasa wa mwisho. Ni Jumatano ya kumi na saba, siku tano kabla hajafariki. Kazi ilikuwa imekwisha, Taratibu anafunga begi. Mama akamwashiria afungue tena. Alikuwa na sentensi moja imebaki. Aliitafuta kwa muda mrefu, Taratibu na binti wakatazama pembeni ili asibanwe, na ilipotoka Taratibu akaiandika.

Binti aliniomba, tukiisoma hewani, tuirekebishe neno moja, maana sote tunajua mama alitaka kusema nini. Nikampigia simu bwana shamba kumuuliza. Akachukua muda wake. Nikangoja. Akasema, "Hapana, bibi. Isome alivyosema."

Basi hii hapa, alivyosema:

"Njoo tena jana, mwanangu. Usichelewe."